Mstari wa Kumi na Nne

Mchana, bandarini Felixstowe, nafunga makontena kwa vyuma
hadi mabega yasahau kwamba ni yangu.
Usiku nafungua mengine, yasiyo na kutu wala uzito,
ndani ya kompyuta kuukuu aliyoniachia Shekue,
kioo kimepasuka, nimeiweka kwenye kabati la mita ya gesi
kati ya mwavuli na ndoo ya rangi.
Humo ndimo kinamoishi kibati chetu.

Watu kumi na mmoja, miezi kumi na minne,
pauni hamsini kila tarehe tano.
Bi Nunu wa Colchester hataki hesabu zake zilale
kwenye mashine ya mtu asiyemjua.
"Bora kwako," alisema. "Nikikosa changu, najua mlango wa kugonga."

Leo taarifa imekuja: toleo jipya liko tayari.
Nikaenda nalo taratibu,
kama mtu anayembadili nepi mtoto aliyelala:
simamisha la zamani,
vuta jipya
(matabaka yakashuka moja moja, asilimia kwa asilimia,
chai ikapoa, shakwe wakagombana juu ya paa la muuza chipsi),
futa la zamani. Washa.

Likawaka.
Likanikaribisha kwa adabu zake zote:
Karibu. Hakuna wanachama. Ongeza mwanachama wa kwanza.

Hakuna!
Kombo aliyechanga akiwa kitandani hospitali, hakuna.
Hassanati na mikesha yake kwenye nyumba ya wazee, hakuna.
Zamu ya Zuhra, mwezi ujao, nauli ya kumleta mwanawe:
kisanduku cheupe, na kialama kinapepesa
kama jicho la askari anayesubiri jibu.

Saa nane na robo. Nikakaa kwenye ngazi, soksi moja mguuni,
nikitunga maneno ya kumwambia Bi Nunu.
Hayakutungika.

Yakaja ya kazini badala yake.
Kontena halina kumbukumbu.
Jana lilijaa viti vya plastiki, leo matairi, kesho halijui.
Hakuna mwenye akili aachaye humo hati ya nyumba,
na hata mimi sikuiacha:
mwaka jana nilitenga folda nje, nikaipa jina la kibati,
nikaliambia kontena, mali iko kule, wewe mpagazi tu.
Basi nani kalipoteza njia?

Nikafungua faili la maagizo.
Faili lenye mizani kali kuliko utenzi:
nafasi mbili mwanzo wa mstari, si tatu;
zidisha moja, linakugomea
kama malenga aliyeletewa vina vya kubahatisha.
Mstari wa kumi na nne.
Nilinakili wa watengenezaji, nikafuta wangu.
Wao waliandika njia ya kwao,
na kontena, tiifu, likaifuata,
likakuta chumba kitupu, likadhani ndiyo dunia.

Nikarudisha njia ya kwetu, herufi kwa herufi, nikiisoma kwa sauti.
Simamisha. Washa.

Kombo.
Hassanati.
Bi Nunu, hajawahi kuchelewa hata siku.
Shekue, mwezi wa tano: ishirini na tano, nyingine Ijumaa.
Ijumaa ile hakuleta kitu.
Sijawahi kulifurahia deni la mtu namna hii.

Ndipo nikanakili folda nzima kwenye flashi,
nikaibandika kwa utepe nyuma ya mita.
Ilitakiwa niianze hiyo. Najua. Asiambiwe Bi Nunu.

Simu ikatetemeka; Zuhra, yuko zamu:
"Mbona hesabu zilikuwa hazifunguki?"
Nikajibu, nilikuwa nafagia.
"Usiku hapafagiwi," akaandika. "Unatoa riziki nje."

Iko nje, nikamwandikia.
Ndiko nilikoiweka.